Kurudisha mikoko ya hori: mwongozo kwa kikundi cha kujitolea

Siku ya kwanza kikundi chetu kuingia topeni tulikuwa na fulana mpya, bango, na viroba vya mbegu za mkoko. Tukapanda pale palipo wazi, kwenye tope tupu la upande wa majini, maana picha zilitoka vizuri na hapakuwa na mizizi ya kumkwaza mtu. Mzee mmoja aliyekuwa akikwangua ngalawa yake alitutazama hadi tukamaliza. Kisha akasema, "Wanangu, hapo hata babu yangu hakukuta mkoko." Tukacheka. Miezi mitatu baadaye tulirudi kuhesabu iliyobaki, na vidole vya mtu mmoja vilitosha.

Yaliyo hapa chini ni yale ambayo laiti mtu angetuambia kabla ya siku ile. Yamefuata hali ya hori la Tudor, mkono wa bahari unaopita kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa na kuingia bara hadi inapomwagikia mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu. Aliye Mtwapa, Mida, Tanga au Chwaka naye atajiona humu, kwani miti ni ile ile na maji ni yale yale.

Tudor limeumia vibaya. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti walikuta kwamba kati ya 1992 na 2009 lilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake. Jirani yake, hori la Mwache, lilipoteza karibu nusu. Shoka lina lawama yake, kwa kuni na kwa boriti, lakini si shoka peke yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi ukafukia mizizi inayopumulia, na miti ikafa imesimama. Mitaro ya maji machafu ya mji nayo inashukia huko huko. Ndiyo maana kazi ya kupanda utaikuta mbali huko chini, baada ya mambo mengi mengine.

Hatua ya kwanza: tembeeni hori kabla ya kuligusa

Anzeni na mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu maji ni ya bamvua: hujaa sana, hupwa sana. Kwa pwani yetu siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi wiki ya bamvua ndiyo wiki ya kazi: mnaingia saa mbili, mnatoka saa tano na nusu kabla maji hayajaja kuwafukuza. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayapwi vya kutosha wala hayafiki juu. Hiyo ni wiki nzuri ya vikao.

Mtembee mara mbili. Mara moja maji yakiwa yamepwa, kwa miguu. Mara ya pili yakiwa yamejaa, kwa mtumbwi wa kuazima au mkisimama ukingoni. Safari ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofundisha zaidi. Mtaona maji yanapofika na yasipofika, yanapoingia kwa haraka, na yanapojikusanya yakashindwa kutoka. Mstari wa chupa na majani makavu ulioachwa na bamvua iliyopita ndio mpaka wa juu wa shamba lenu.

Chukueni karatasi ya manila mchore ramani. Si lazima iwe ya kupendeza. Muhimu ni visiki, miti hai iliyobaki, madimbwi, midomo ya mitaro, njia za mbuzi, bandari za mitumbwi na mahali ambapo lori limeshaanza kumwaga udongo. Kisha waulizeni watu watatu wa aina tatu: mvuvi mzee, mama anayekwenda kuokota chaza, na mkata miti. Huyu wa tatu msimwogope wala msimfukuze. Anayejua kutofautisha fito na pau, na boriti na nguzo, kwa kuutazama mti ulivyosimama, anajua pia miti mama iko wapi na inazaa lini.

Halafu jifunzeni majina. Kenya ina aina tisa za mikoko, lakini katika hori la mjini mtakutana zaidi na tano. Mlilana hukaa mbele kabisa kwenye maji, na mizizi yake ya kupumulia ni minene, imesimama kama pembe za mbuzi. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi ya upinde inayomshika mtu miguu. Kisha muia, ambao Watanzania wengi huuita msinzi, wenye mizizi inayokunjika kama magoti. Na mkandaa, mfupi, mnyoofu, unaopenda tope gumu kidogo. Mchu unapatikana pande zote mbili, mbele karibu na mlilana na nyuma kabisa kwenye chumvi kali, na utaujua kwa vipumulio vyembamba vilivyochomoza ardhini kama penseli zilizopandwa. Asiyejua kutofautisha miti hii mitano asipewe kazi ya kuchagua mahali pa kupanda.

Hatua ya pili: ruhusa

Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mti ukiisha, ardhi haiachi kuwa msitu. Kwa hiyo hata kupanda kunataka kuzungumza kwanza na ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na kuchimba mfereji ndiyo kabisa. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu wananchi kuungana katika chama cha misitu cha jamii na kutia saini mkataba wa kusimamia msitu pamoja na serikali. Kama chama kipo eneo lenu, jiungeni nacho badala ya kuanzisha kingine. Kamati ya wavuvi ya bandari yenu, ile inayoitwa BMU, nayo ipewe habari mapema, la sivyo mtajikuta mmepanda mbele ya njia ya mitumbwi.

Kikundi chenyewe kisajiliwe kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya usajili wa vikundi ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, katiba na viongozi. Chifu na mzee wa mtaa wajulishwe ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu.

Mtakuta pia, katika hatua hii, kwamba kuna watu wana hati za maji. Yaani hati ya kumiliki kiwanja ambacho bamvua inakifunika kila wiki mbili. Msibishane nao pale horini. Andikeni namba ya kiwanja mkaulize ofisi ya ardhi na ya misitu, na mchague kipande kingine cha kuanzia. Vita hivyo vina wakati wake, na viko hatua ya saba.

Hatua ya tatu: takataka, na mwanzo wake ni juu

Kusafisha hori bila kugusa mitaro inayoliingilia ni kupiga deki huku bomba likivuja. Tulisafisha kipande kimoja Jumamosi; Jumatano ikanyesha, na Alhamisi pampasi, chupa za soda na raba zilikuwa zimerudi mahali pale pale. Kibarani, kando ya barabara ya kuingia kisiwani, palikuwa jaa la mji lililopakana na maji kabisa. Lilipofungwa mwaka 2018 na mahali pakaanza kutengenezwa, ndipo usafishaji wa hori upande ule ulipopata maana.

Kwa hiyo fuateni mtaro hadi nyumba ya mwisho. Tafuteni mahali taka zinapotupwa, na mzungumze na wale wanaotupa. Mara nyingi ni kwa sababu mkokoteni wa taka haufiki kwao. Kikundi kinaweza kupanga mkokoteni upite mara mbili kwa wiki kwa ada ndogo kila nyumba. Hiyo ni kazi ya kuchosha isiyo na picha, nayo ndiyo inayozuia taka nyingi kuliko kitu kingine chochote tulichojaribu.

Mdomoni mwa mtaro mnaweza kuweka kizuizi: wavu wa zamani wa mvuvi uliofungwa kwenye kamba yenye madumu matupu yaliyozibwa vifuniko, ukavutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Madumu yanaelea, wavu unashika. Lakini lazima pawe na mtu wa zamu wa kukitoa taka baada ya kila mvua. Kizuizi kilichojaa kinageuka bwawa, na maji machafu yanaingia nyumbani kwa watu ambao wiki iliyopita walikuwa wakiwapigia makofi.

Siku ya kusafisha: glavu nene, viatu vya kufunga kamba. Mabuti ya mpira yanapendeza lakini tope huyavua miguuni mwa mtu na kuyameza. Miguu mitupu ni hatari kwa magamba ya chaza, vioo na sindano. Mwenye kutoboka aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa pepopunda na kwa mengine yanayoletwa na sindano za mitaani. Sindano ziokotwe na mtu mzima mmoja aliyechaguliwa, zitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki. Magogo na majani yaliyooza yaacheni. Hicho ni chakula cha kaa na mbolea ya hori. Chupa pimeni kwa mizani kabla ya kumuuzia mnunuzi, mwandike kilo.

Hatua ya nne: fungueni njia ya maji

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mkoko haufi kwa kukosa mtu wa kuupanda. Mti mama mmoja unaangusha mbegu nyingi kila msimu, zinaelea, zinasambazwa na maji bila malipo. Mahali pakibaki patupu miaka kumi huku miti mama iko jirani, basi pana kitu kinachozuia, na kitu hicho kitaziua zenu pia.

Mara nyingi ni maji. Ama hayaingii, ama hayatoki. Mfano mkubwa tunaupita kila tunapokwenda mjini: tuta la Makupa liliunganisha kisiwa na bara, lakini kwa miongo mingi likakata maji kati ya hori la Tudor na upande wa bandari. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 mahali pake limeyapa maji njia tena. Katika kipande chenu kizuizi kitakuwa kidogo zaidi: njia ya miguu iliyoinuliwa kwa kifusi, tuta la jaruba la chumvi lililoachwa, mchanga ulioletwa na mtaro, au gogo lililonasa viroba hadi likawa ukuta.

Dalili ni rahisi. Dimbwi linalobaki saa tatu baada ya maji kupwa, lenye maji ya vuguvugu na harufu ya yai bovu, na miti iliyokufa imesimama katikati yake: maji hayatoki. Ardhi ngumu iliyopasuka, yenye ukoko mweupe wa chumvi: maji hayaingii vya kutosha.

Kufungua, tumieni majembe na makoleo tu. Tafuteni mkondo wa zamani, kwa kawaida bado unaonekana kama mbonyeo, mkaufuate. Anzieni chini, upande wa hori, mkienda juu, na mwanzoni msipanue zaidi ya upana wa makoleo mawili. Maji yenyewe yatapanua yanapotaka. Udongo mnaoutoa msiurundike kando ya mfereji. Sisi tulifanya hivyo, tukawa tumejenga tuta jipya tukiwa tunabomoa la zamani. Utawanyeni mbali au mubebe mtoke nao. Kisha ngojeni bamvua mbili zipite, mtazame kama maji yanakauka yote wakati wa kupwa.

Kipimo cha pili ni urefu wa ardhi, na chombo chake kipo kwa kila fundi wa mjengo: ile paipu ya levo, ya plastiki inayoonyesha ndani, inayojazwa maji. Siku moja tuliazima kwa fundi mmoja paipu ya mita 20. Kijana mmoja akashika ncha moja kwenye shina la mkoko mchanga uliojiotea, wenye majani ya kijani na afya yake. Mwenzake akaenda na ncha ya pili hadi pale tulipopanda siku ya fulana. Tukangoja maji ndani ya paipu yatulie, kila mtu akijizuia asisogee topeni. Upande wa mkoko mchanga maji yalisimama usawa wa goti. Upande wetu yalisimama kifuani. Ndiyo kusema tulikuwa tumepanda chini ya mahali pake kwa kama robo tatu ya mita. Mche ule ulikuwa ukikaa majini muda mrefu kuliko unavyoweza kuzuia pumzi, kisha mawimbi yanaumalizia.

Fanyeni hivyo kila mahali mnapotaka kupanda. Tafuteni mche wa aina ile ile uliojiotea karibu, pimeni. Tofauti ikizidi kiganja kilichosimama, hapo si pake.

Mkishafungua maji, ngojeni. Ndiyo, mwaka mmoja ikiwezekana. Mfadhili hatapenda, kwa sababu bajeti yake ina neno "miche" na haina neno "kungoja". Lakini mara nyingi kipande kilichofunguliwa maji kinaanza kujiotea chenyewe, tena miti ya aina mchanganyiko, kila mmoja mahali ulipochagua. Pakiota hivyo, msipande. Pakibaki patupu, au miti mama ikiwa imekwisha kabisa, endeleeni na hatua inayofuata.

Hatua ya tano: mbegu

Za mkoko huchipua zikiwa bado mtini, zinaning'inia kama bamia refu la kijani. Iliyoiva ina pete ya rangi ya manjano inayojitokeza kati yake na kile kikofia cha juu. Ukiizungusha kidogo inaachia. Ikikataa, iacheni. Zilizoanguka zinafaa pia kama hazijatobolewa na wadudu na ncha haijavunjika. Panga lisitumike kabisa, na msizimalize kwenye mti mmoja: chumeni kwa miti mingi, ndani ya hori hilo hilo. Mwezi wa kuchuma muulizeni mvuvi. Yeye huziona zikielea.

Mkishachuma, ziwekeni kivulini kama wiki moja, zimefunikwa kwa gunia. Zikinyauka kidogo hazifi, ila kaa hazitamani sana. Mbichi kabisa zinaliwa usiku ule ule. Mkirudi asubuhi mtakuta vijiti vimevutwa nusu ndani ya mashimo.

Mkandaa na muia hufuata njia hiyo hiyo, ila ni fupi zaidi. Mchu ni tofauti: mbegu yake ni bapa kama kunde kubwa, ngozi yake hutoka ikilowekwa maji usiku mmoja, na haisubiri, ipandwe ndani ya siku chache. Mlilana una mbegu ndogo mno ndani ya tunda lenye kikonyo cha nyota, na kitaluni unasumbua. Kikundi kipya kiachane nao, au kihamishe michache iliyojiotea kwa wingi sehemu moja, kila mche na bonge lake la tope.

Kitalu si lazima kwa mkoko. Kinafaa kwa mchu na kwa miche ya kujazia mapengo. Kiwekeni pale bamvua inapofika, jazeni mifuko tope la hapo hapo, mtengeneze kivuli cha makuti ambacho mtakipunguza kidogo kidogo kabla ya kuhamisha. Mche ukiwa na majani manne hadi sita unatosha.

Hatua ya sita: siku ya kupanda

Watu wachache. Hili nalisisitiza kwa sababu kila tunapotangaza wanakuja mia mbili, na miguu mia nne kwenye tope laini inaharibu zaidi ya inachopanda. Watu 20 wenye kamba nne wanatosha kwa asubuhi moja. Wengine wapewe mtaro wa juu, kazi haiishi huko.

Kamba ifungwe fundo kila mita moja, ivutwe sambamba na ukingo. Kila fundo mbegu moja. Kwa nafasi hiyo hekta moja inakula mbegu 10,000, na kiwanja cha mita 20 kwa 20 kama 400. Kipande cha kwanza kisizidi hicho.

Sasa jambo dogo linalokosewa na watoto wa shule na hata na wageni rasmi: kujua juu na chini. Upande uliotoka kwenye kikofia, wenye kichipukizi chembamba, ndio unaotazama mbinguni. Upande uliokuwa ukining'inia ndio unaoingia topeni. Izamisheni theluthi moja, kwa mkono, bila kuizungusha, kisha bana tope kwa vidole viwili pande zote. Ikiyumba ukiigusa, haijaingia vya kutosha. Msiifunge kwenye kijiti. Kijiti hukusanya mwani na karatasi za plastiki, uzito huo ukaja kuuangusha mche.

Masika ni wakati mzuri, kwa vile maji ya mvua hupunguza chumvi. Epukeni tu kipande kilicho mbele ya mdomo wa mtaro, kwa sababu mvua hiyo hiyo italeta mchanga.

Hatua ya saba: ulinzi

Adui wa miezi ya kwanza ni plastiki. Karatasi moja ya plastiki inaufunika mche kama shuka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi Agosti 2017, na ukiuliza wanaosafisha mahori watakuambia tofauti ipo, lakini magunia ya nailoni na vifungashio bado vinakuja. Kila baada ya bamvua watu wawili wapite mistari yote wakifungua miche iliyofunikwa.

Mbuzi wanapenda majani ya mchu kuliko kitu kingine. Ua haudumu. Kinachodumu ni mwenye mbuzi kuwa mwanachama. Yale magamba madogo makali yanayoganda kwenye ngalawa yakianza kuganda kwenye mashina, msipoteze siku kuyakwangua: mche unaokaa majini sana ndio unaovamiwa, kwa hiyo rudini kwenye paipu.

Wakata kuni ni watu wenye shida ya kuni, wapikaji wa pombe na wa mikate wakiwemo. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia msituni. Huo ni mpango wa kuiga hata kwa kikundi cha mjini kikipata robo ekari.

Na kwa kuwa nimeutaja, kila kikao lazima mtu asimame aulize habari za pesa za hewa ya kaboni, yaani malipo ya kutunza miti inayofyonza hewa hiyo. Mikoko Pamoja inauza kaboni tangu 2013 kutokana na hekta 117, na fedha zimekwenda kwenye maji ya kunywa na vitabu vya shule. Lakini Gazi palikuwa na watafiti wa bahari na majaribio ya upandaji tangu miaka ya 1990, na msitu wenyewe ulikuwepo. Ninyi mna kiwanja cha mita 20. Mwambieni ndugu huyo kwa upole mwendelee na ajenda.

Wamwaga udongo ndio wagumu. Wanakuja usiku, na asubuhi kuna uwanja mpya. Pigeni picha maji yakiwa yamejaa, ili ionekane wazi kwamba bahari inafika pale, picha iwe na tarehe na alama isiyohama, kama nguzo ya umeme au mnara wa msikiti. Andikeni barua kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nakala kwa Huduma ya Misitu na kaunti, na mrudi na nakala yenu iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Sisi ofisi moja ilitukatalia muhuri mara mbili. Mara ya tatu tulikwenda watu kumi na wawili, akina mama wakiwa mbele na leso zao, muhuri ukapatikana. Mkikosa jibu, kumbukeni kwamba Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia.

Hatua ya nane: daftari

Chagueni miraba mitatu ya mita 5 kwa 5 ndani ya kipande chenu: mmoja karibu na maji, mmoja katikati, mmoja juu. Wekeni vigingi pembeni. Hesabuni baada ya mwezi 1, miezi 3, miezi 6, mwaka, kisha kila mwaka. Daftari liwe na safu nne: iliyo hai, iliyokufa, sababu ya kufa, na iliyojiotea. Safu ya sababu msiache tupu. "Imetafunwa na kaa", "imefunikwa na plastiki", "imekauka", "imefukiwa na mchanga", kila moja inadai dawa yake.

Baada ya miezi 3, zaidi ya nusu zikiwa zimekufa, msijazie mapengo. Tulijazia mara mbili kabla ya kuazima ile paipu, tukawa tunalisha kaa kwa zamu. Nusu na zaidi zikiwa hai, jazieni kwa miche ya kitalu masika inayofuata, na ile iliyojiotea kati ya mistari yenu msiing'oe ili mistari ipendeze.

Anayehesabu asiwe aliyepanda, maana mkono hutia huruma kwenye hesabu. Sisi humpa kazi hiyo mzee wa ngalawa na binti mmoja wa sekondari. Mzee anatazama, binti anaandika. Na aandike kwa penseli. Wino ukiguswa na maji ya chumvi hubaki bluu tupu.